Wanaoongoza Ndege Angani Malawi

Uwanja wa ndege wa Kamuzu, kaskazini mwa Lilongwe, ndio lango la wakimbizi wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, wanapohamia nchi kama Canada. Ndege yao haisogei mpaka mnara uruhusu. Mwongozaji wa mnarani huitazama njia ya kurukia kwa macho yake. Ndege ikishapaa, huikabidhi kwa mwenzake anayesimamia anga la juu, naye huikabidhi kwa waongozaji wa Dar es Salaam, Lusaka au Beira inapokaribia mpaka. Ndege zinazopishana hutenganishwa kwa futi 1,000, moja juu ya nyingine.

Hata hivyo, mwongozaji huelekeza tu, kwa redio. Usukani ni wa rubani. Tarehe 10 Juni 2024, kwa mfano, ndege ya jeshi iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima ilishindwa kutua mjini Mzuzu kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, ikaelekezwa irudi Lilongwe. Mawasiliano yakakatika. Ilikutwa kesho yake katika msitu wa Chikangawa. Wote tisa waliokuwemo walikuwa wamefariki.