MZIGO WA KWANZA UKIDODA, USIFUNGE DUKA KWANZA. SOMA HII YA QUEEN

Wiki hii meseji nyingi mnazonitumia zina swali moja: mzigo wangu wa kwanza umedoda, niendelee au niachane na biashara? Wengine mtaji umetoka kwenye kikoba na marejesho yanasubiri, kwa hiyo sitawajibu kwa maneno ya kutiana moyo tu. Nawapa mfano wa kweli, halafu tuupigie hesabu.

Freddie Mercury mnamjua. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Wengi hawajui kwamba kabla ya ustaa alikuwa mwenzetu kabisa. Yeye na Roger Taylor, mpiga ngoma wa bendi yao ya Queen, walikuwa na kibanda pale Kensington Market, London, wanauza nguo za zamani.

Albamu yao ya kwanza inaitwa Queen tu. Ilitoka Uingereza Julai 1973. Wimbo wa kuitangulia, Keep Yourself Alive, ulitoka wiki moja kabla na haukuingia kwenye chati. Albamu nayo ikatoka, kimya. Bendi ambayo leo dunia nzima inaijua, mzigo wake wa kwanza ulidoda.

KWA NINI ULIDODA?

1. Ulichelewa sokoni. Kazi kubwa ya kurekodi ilifanyika mwaka 1972, lakini mkataba na kampuni ya EMI ukapatikana 1973. Muda huo wote muziki wa mbwembwe na mavazi ya kung'aa ulishashika Uingereza. Queen walipotoka, wakaonekana kama wanaiga. Sisi tunalijua hili: madera ya sikukuu yakifika sikukuu imepita, hata yawe mazuri vipi, yanakaa.

2. Ulitengenezwa kwa muda wa kuokoteza. Walirekodi Trident, studio nzuri ya pale Soho, lakini waliingia saa ambazo wateja wenye hela hawapo, mara nyingi usiku. Sauti ya ngoma haikutoka walivyotaka, na iliwakera kwa miaka mingi. Mwaka 2024 wakaitoa upya albamu hiyo ikiwa imesafishwa sauti. Bidhaa nzuri, picha yenye giza. Umenielewa.

3. Jina lilikuwa geni. Mteja hatoi hela kirahisi kwa mtu asiyemjua.

Angalia hizo sababu tatu. Hakuna inayosema kwamba nyimbo zilikuwa mbovu. Hapo ndipo pa kuanzia: kabla hujasema biashara imekataa, jua kilichokataliwa ni nini. Ni bidhaa, ni muda, ni picha, au hujulikani tu?

WALIFANYA NINI?

Kwanza, hawakukaa kusubiri. Agosti 1973, mwezi mmoja tu baada ya albamu kutoka, walikuwa studio wanatengeneza ya pili. Safari hii walidai muda wa studio wa kueleweka, sio mabaki ya usiku.

Pili, walienda kwenye watu wa mwenzao. Mwishoni mwa 1973 walizunguka Uingereza wakitumbuiza kabla ya bendi ya Mott the Hoople, iliyokuwa na mashabiki tayari. Ukumbi umejazwa na mwingine, wewe unapanda kuonyesha ulichonacho. Kwetu ni kama kumwomba mwenye ukurasa mkubwa aposti bidhaa yako, au kushika meza kwenye bonanza la mtaa.

Tatu, na hili ndilo nalipenda, walichukua kipande cha mzigo uliododa wakakimalizia. Mwisho wa albamu ya kwanza kuna kipande kifupi cha ala kinaitwa Seven Seas of Rhye. Kwenye albamu ya pili wakakifanya wimbo kamili, wakauonyesha kwenye televisheni ya BBC Februari 1974, ukafika nafasi ya 10. Ndio wimbo wao wa kwanza kubamba. Queen II ikatoka Machi ikafika nafasi ya 5. Ndipo watu wakarudi kuitafuta ile ya kwanza, ikaingia chati na kufika nafasi ya 24.

Mzigo mpya uliuza mzigo wa zamani. Kwa hiyo usikimbilie kutupa bidhaa kwa bei ya hasara wiki ya pili. Mimi nina mikoba midogo ambayo ilikaa dukani miezi mitatu. Wateja wengi walikuwa wanauliza swali moja, simu kubwa inaingia? Nikapiga picha simu ikiwa ndani, mkoba uko wazi. Bei ile ile, mikoba ikaondoka.

ILA TUSIDANGANYANE

Queen walikuwa na kampuni nyuma yao zinazolipia studio. Wewe nyuma yako kuna ada ya mtoto na kodi ya chumba. Na bendi nyingi zilikomaa vilevile zikapotea, sema hazina wa kuzisimulia. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, jibu haya:

✅ Kuna watu wanauliza bei hata kama hawanunui? Wakiwepo, tatizo linaweza kuwa bei, picha au uaminifu. Hapo rekebisha.

✅ Wachache walionunua wamerudi au wameleta mtu? Hiyo ni dalili nzuri kuliko laiki mia.

❌ Hakuna anayeuliza, na umeshabadilisha picha, maelezo na mahali pa kuuzia? Hiyo bidhaa iache. Uza urudishe hela yako, leta kitu kingine. Kuacha bidhaa sio kuacha biashara.

❌ Usikope kuongeza mzigo ule ule uliododa. Queen hawakurudia albamu ile ile. Walitengeneza nyingine.

Leo usiku kaa na daftari, andika maswali yote ambayo wateja wamekuuliza mwezi huu. Lililojirudia zaidi ndilo la kulijibu kwenye posti ya kesho.

Mtumie mwenzako ambaye mzigo wake umelala. Swali lako weka hapo chini, nitajibu. Biashara njema.