UVIMBE WA TITI: MASHINE INAVYOPIMA UGUMU

Mama akigusa titi lake akakuta kinundu, huingiwa na hofu. Wengine hukificha, hata mume hajui. Husema, "Nikienda hospitali watanikata titi." Lakini vinundu vingi vya titi si kansa. Kwa mkono tu hatuwezi kujua kipi ni kipi. Lazima kipimwe.

Kwanza daktari hutumia ultrasaundi. Hii ni mashine ya mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Haikati wala haichomi. Inaonyesha kama uvimbe una maji au ni nyama. Uvimbe wa maji matupu kwa kawaida si wa hatari. Ule wa nyama huchunguzwa zaidi.

Hapo kipo kipimo kingine kiitwacho elastografia, yaani kupima ugumu. Wataalamu wa Houston, Marekani, walikieleza mwaka 1991. Kinafanyaje kazi? Chukua embe bivu, libonyeze. Nyama inabonyea, kokwa halibonyei. Vivyo hivyo daktari hukandamiza titi kidogo, na mashine huangalia kipi kimebonyea. Mashine nyingine husukuma zenyewe kwa mawimbi ya sauti, kisha hupima mwendo wa mtikisiko. Penye ugumu mtikisiko huenda upesi, kama kwenye kamba iliyokazwa.

Kansa ya titi kwa kawaida ni ngumu kuliko nyama iliyoizunguka. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walitoa ngazi 5 za kupimia. Katika ngazi ya 1, uvimbe wote unabonyea. Katika ngazi ya 5, uvimbe haubonyei, hata nyama ya kandokando haibonyei.

Je, ugumu peke yake watosha? Hapana! Ziko kansa laini, na uko uvimbe mgumu ambao si kansa. Kwa hiyo penye shaka daktari huchoma sindano, akatoa kipande kidogo kikapimwe maabara. Hicho ndicho hutoa jibu la kuaminika. Na kuchomwa sindano hiyo si kukatwa titi.

Hospitali nyingi hazina kipimo cha ugumu. Usikingojee. Ultrasaundi ya kawaida pamoja na sindano vinaweza kutoa jibu.

Mama, usiseme, "Hakiumi, kiache." Kansa ikianza mara nyingi haiumi. Ikigunduliwa mapema, hutibika kwa urahisi zaidi. Nawe baba, mkeo akikuambia ameona kinundu, msindikize hospitali wiki hiyo hiyo.