Amelala ao amezimia? Dawa ya maumivu na usingizi kwa mtu aliyeumia kichwa



Hapa Kalemie pikipiki njo usafiri wetu, na wengi tunapanda bila kofia. Mtu akianguka na kupiga kichwa, analetwa lopitali hajui alipo, anarusha mikono, anataka kung'oa seramu. Ndugu zake wanaomba: "Munganga, mupatie dawa alale, anateseka!" Mara nyingine munganga anasema tungoje kwanza. Familia inamuona mutu wa roho mbaya. Tuangalie kwa nini anasita, na wakati gani kusita ni kosa.

Fuvu la mtu mzima ni sanduku lililofungwa. Ndani mna vitu vitatu: ubongo, damu na maji ya ubongo. Ubongo ukivimba ao damu ikivuja, sanduku halipanuki, kwa hiyo presha ya ndani inapanda. Ikipanda sana, damu safi inashindwa kuingia, na ubongo unakosa oksijeni. Pigo la kwanza lilishatokea barabarani, hakuna wa kulirudisha. Kazi ya lopitali ni kuzuia pigo la pili.

Maumivu yenyewe yanaleta pigo la pili. Mtu mwenye maumivu anahangaika, anakaza misuli, anakohoa, presha ya damu inaruka, na ile ya kichwa inafuata. Tena usidhani kwamba asiyeongea hasikii. Mguu uliovunjika unauma hata kama kichwa kimeumia. Mgonjwa wa namna hii mara nyingine hakunji uso kama sisi: anafungua macho ghafla, uso unakuwa mwekundu, anasogeza mkono wakati muuguzi anamgeuza. Hizo ni dalili za kuchunguzwa.

Sasa kwa nini munganga anasita? Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni pumzi. Mofini na diazepamu zinaweza kupunguza kupumua. Mtu akipumua kidogo, hewa chafu inajaa kwenye damu, mishipa ya ubongo inapanuka, na presha ya kichwa inapanda tena. Kwenye chumba chenye mashine ya kupumulia, hilo linazuiwa. Bila mashine, dozi moja kubwa inaweza kumaliza mtu taratibu, huku familia inafurahi kwamba "ametulia." Propofoli nayo inaweza kushusha presha ya damu, na ubongo ulioumia hauvumilii presha ya chini.

Ya pili ni macho ya munganga. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo kinachotumika mpaka leo: kufungua macho, kuongea, na kusogeza viungo. Alama zinatoka 3 mpaka 15. 8 kushuka chini ni hali mbaya sana. Mahali hamna skana, kipimo hicho njo skana yenyewe. Mgonjwa aliyekuwa na 13 akishuka mpaka 9, kuna kitu kinabana ndani. Ukishamlaza kwa dawa, utajuaje?

Basi, kabla ya kulaza mtu anayehangaika, kuna maswali: anapata oksijeni ya kutosha? Kibofu kimejaa? Kuna mfupa uliovunjika? Sukari imeshuka? Mara nyingi jibu liko hapo.

Lakini kungoja hakumaanishi kumuacha alie. Parasetamoli haifichi dalili. Kidonda kinashonwa kwa lidokaini. Mguu unafungwa vizuri. Na kuna ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu 1985 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa kawaida inaacha mtu apumue mwenyewe na haishushi presha ya damu. Zamani iliogopwa kwamba inapandisha presha ya kichwa; tafiti za baadaye, kwa wagonjwa wanaosaidiwa kupumua, hazikukuta hivyo. Hata hivyo, lazima mtu akae pembeni akihesabu pumzi.

Mofini nayo ina shida nyingine: kupatikana. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika tani karibu 299 za dawa za aina ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu. Lakini jirani zetu Uganda waliamua: tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Ni uamuzi wa sheria na mafunzo kuliko wa utajiri.

Wewe ukiwa pembeni ya kitanda, usinunue dawa ya usingizi famasi na kumpa mgonjwa kwa siri. Usimpe ibuprofeni, inaweza kuongeza kuvuja damu. Uliza kama kichwa cha kitanda kinaweza kuinuliwa kidogo, shingo ikae sawa. Na akitulia ghafla, usishukuru kwanza: muite kwa jina. Asipojibu kama alivyojibu saa moja iliyopita, kimbia ukamuite muuguzi.