Je, Wajua? Bikini za Miaka 1,700

Vazi la bikini lilipata jina hilo mwaka 1946. Lakini mabinti waliovaa vazi kama hilo wapo sakafuni mwa jumba la shamba la Kirumi tangu karne ya 4! Hawaogelei, ni wanamichezo. Mmoja ameshika vyuma vya mazoezi, wengine wanakimbia, wawili wanarushiana mpira. Mshindi anapewa taji.

Jumba lenyewe ni Villa Romana del Casale, karibu na mji wa Piazza Armerina, kisiwani Sisilia, Italia. Sakafu zake zina mita za mraba 3,500 hivi za mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vijiwe vya rangi, kimoja kimoja.

Ajabu zaidi ni ushoroba wa mita 60 hivi. Humo Afrika imejaa! Mbuni wanabebwa hadi merikebuni. Tembo anapandishwa. Kifaru anakokotwa kutoka matopeni. Na, kutoka Asia, yupo chui milia aliyenyang'anywa mtoto: mwindaji amemtupia tufe la kioo, naye anaitazama sura yake humo akidhani ni mwanawe. Picha hiyo inachoma moyo hata leo.

Katika karne ya 12 maporomoko ya udongo yaliufukia mjengo huo. Tope lile lile ndilo lililozihifadhi rangi, hadi wachimbaji walipozifunua katika karne ya 20. Kwenye kona ya chumba cha mabinti wale, sakafu imebanduka kidogo. Chini yake inachungulia mozaiki nyingine, kongwe zaidi.