Masikio Yanayovuma na Kichwa Kinachozunguka

 Nataka kueleza habari za sikio la ndani, magonjwa yake, na ule mlio ambao watu wengine huusikia masikioni mwao ingawa hakuna kitu kinacholia. Sikuichagua habari hii kwa kuwa mimi ni hodari wa Baiolojia. Wenzangu wa Kidato cha Nne wanazijua alama zangu. Niliichagua kwa sababu mlio huo ninao mwenyewe, nao unalia sasa hivi niandikapo, na kwa sababu bibi yangu alikaa karibu mwaka mzima akidhaniwa amerogwa, kwa ugonjwa ambao tabibu mmoja aliuondoa kwa muda mfupi bila kidonge hata kimoja.

Nianze na yangu. Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Makambako kwa baba mdogo, ambaye ana mashine ya kusaga mahindi. Nilifanya kazi wiki tano, tangu saa mbili asubuhi hata jioni, ili nipate nauli na fedha ya madaftari. Jioni ya siku ya kwanza niliona masikio yamejaa kama yaliyotiwa pamba, na ndani yake mlio mwembamba mfano wa nyenje. Asubuhi ulikwisha. Kesho yake ukarudi, ukakawia zaidi. Wiki ya nne haukuondoka tena.

Niliporudi shuleni Januari nilinyamaza. Mchana makelele ya wenzangu yalinisaidia, lakini taa zikizimwa bwenini mlio ulikuwa mkubwa kuliko mikoromo yote. Nilifikiri naingia wazimu. Nilipomdokezea mwenzangu wa kitanda cha juu alicheka, akasema kuna mtu ananisengenya. Darasani nilianza kukosa maneno, hasa yale yenye sauti nyembamba kama s na f na sh, na siku moja mwalimu aliniita mara mbili nisiitike, akaniona mjeuri. Simlaumu. Angejuaje, na mimi sikusema?

Sasa na tuingie sikioni. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hupita katika tundu, hupiga kiwambo, nacho kiwambo hutikisa mifupa mitatu midogo iliyoshikana, ambayo wataalamu waliipa majina ya nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake wapata milimita 3 tu. Magonjwa mengi ya mpaka hapo, kama nta iliyoziba au usaha, tabibu aweza kuyaona kwa taa yake ndogo. Sikio la ndani haliwezi kuonwa hivyo. Limefichwa katika mfupa mgumu sana wa kichwa, limejaa maji, nalo lina kazi mbili: kusikia, na kuuweka mwili sawa usianguke.

Chombo cha kusikia kimejikunja mfano wa gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu. Kama kingenyooshwa, urefu wake ungekuwa milimita 35 hivi. Ndani yake zimepangwa seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Kikuku kikigonga, maji hutikisika, vinyweleo huinama, na habari hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu. Seli za mlangoni hupokea sauti nyembamba, na zile za ndani kabisa hupokea sauti nzito. Bwana Georg von Békésy, aliyechunguza jinsi mawimbi yanavyokwenda humo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961.

Nyasi zikipitiwa na upepo huinama na kuinuka. Zikipitiwa na ng'ombe kila siku, haziinuki tena. Kelele kubwa ndizo ng'ombe wa vinyweleo hivi. Na nyasi angalau huota upya. Seli hizi, kwa binadamu, zikifa hazioti. Kwa kuku huota. Niliposoma hivyo niliwaonea wivu kuku wa nyumbani kwetu.

Je, mlio watoka wapi basi, kama seli zimekufa? Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea. Twadhani kuna kitu kinacholia sikioni, na tukikitoa kwa kijiti au kwa mafuta ya moto tutapona. Wataalamu wengi wanaona kwamba mlio hutengenezwa na ubongo wenyewe. Mfikirie mlinzi wa usiku aliyezoea kupata habari kutoka lango la nyuma. Habari zikikatika, hutega sikio kwa nguvu zaidi, na akitega sana mwishowe husikia nyayo ambazo hazipo. Ubongo nao, usipopata sauti nyembamba kutoka kwa seli zilizokufa, huongeza nguvu ya kusikiliza, ukasikia mvumo wake wenyewe. Huo si wazimu wala si majini. Yapata mtu mmoja katika kila watu wazima kumi, au zaidi, ana mlio wa namna hii, na wengi wao hawaudhiki nao sana. Hata Beethoven, mtunzi mashuhuri wa muziki wa Ujerumani, alimwandikia rafiki yake mwaka 1801 kumweleza jinsi masikio yake yalivyovuma usiku na mchana.

Matroni wetu ndiye aliyenitoa katika hofu. Nilimwendea kuomba dawa ya usingizi. Akaniuliza sababu, nikamweleza yote. Akaniombea ruhusa, nikapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwanza alitazama kama kuna nta, kwa maana nta peke yake yaweza kuleta mlio, na ikitolewa mlio huenda nayo. Yangu yalikuwa safi. Kisha akanitia katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio wa mashine yake. Karatasi ilionyesha kwamba sauti nzito nazisikia vizuri, ila kwenye sauti za mitikisiko 4,000 kwa sekunde mstari unashuka kama umetumbukia shimoni. Akasema shimo la mahali pale mara nyingi huchimbwa na kelele. Akaniuliza, "Kijana, wewe hufanya kazi wapi?"

Kidonge cha kuuondoa mlio hakipo, akaniambia, na anayekuuzia dawa ya kuuponya kwa siku saba anakula fedha yako. Lakini kutulizwa kupo. Nisikae katika ukimya mtupu usiku. Sauti ndogo ya redio au ya feni hufanya mlio usiwe peke yake masikioni. Nisiuvizie kila saa kuona kama upo, kwa kuwa ubongo huongeza lile tunalolihofu na hupuuza lile tulilolizoea. Nilale kwa saa zangu. Wale ambao usikivu wao umepungua sana husaidiwa na mashine za kusikia, kwa maana sauti za nje zikirudi, mlinzi hupunguza kutega. Na wale walioshindwa kabisa kulala au kufanya kazi husaidiwa na mshauri aliyefundishwa, ambaye hauondoi mlio bali huondoa vita baina ya mtu na mlio wake. Mimi bwenini sina redio, ila kitanda changu kimehamishiwa dirishani, karibu na miti. Upepo wa usiku wanitosha.

Lililobaki ni hesabu, nayo nawaomba wenzangu waisome mara mbili. Ukubwa wa kelele hupimwa kwa desibeli. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi yashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa. Likizo ya Juni nilirudi Makambako na kupima mashine kwa simu ya baba mdogo. Simu si kipimo cha hospitali, lakini ilionyesha 97. Mimi nilisimama pale saa nane kila siku kwa wiki tano. Hesabu hiyo hiyo yafaa ukumbini Jumamosi usiku, ambako kiti cha karibu na spika hugombaniwa, na yafaa nyumbani wakati wa likizo, tunapochomeka spika za simu masikioni na kulala nazo.

Nimesema sikio la ndani lina kazi mbili. Hii ya pili niliijua kwa bibi yangu, mama yake baba, mwenye miaka 71. Mwaka juzi, asubuhi moja, aligeuka kitandani ili ainuke, na nyumba nzima ikageuka naye. Alishika godoro kwa mikono miwili. Baada ya nusu dakika ikatulia. Ikawa hivyo kila alipolala, kila alipogeukia kulia, na kila alipoinua uso kuanua nguo kambani. Akaacha shamba, akaacha kanisa, akawa analala ameketi. Jirani mmoja akasema ametupiwa kitu. Mahali pamoja alipewa dawa ya malaria, mahali pengine dawa ya presha, na nyumba ikazidi kugeuka.

Juu ya yule konokono kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, kila mmoja ukielekea upande wake, nayo imejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma kidogo na kuinamisha vinyweleo, na ubongo hujua tumegeuka. Zungusha chai kikombeni, kisha isimamishe mikono: chai yaendelea kuzunguka. Ndiyo maana mtoto aliyejizungusha uwanjani huona dunia ikizunguka hata akisimama. Karibu na mifereji kuna vijiwe vidogo vya chokaa ambavyo huuambia ubongo ni wapi chini na ni wapi juu. Kwa uzee, au kwa kugongwa kichwa, vijiwe huweza kubanduka na kuingia mferejini. Basi mtu akilala, vijiwe hutembea, maji husukumwa, na ubongo huambiwa uongo.

Juni mwaka jana tulimpeleka bibi kwa tabibu mwingine, kijana sana, hata bibi akamtilia shaka. Akamwamkia, akasema, "Naomba uniambie, bibi. Ni nyumba inayozunguka, au unahisi mwepesi kama utazimia? Na huchukua muda gani?" Kisha akamkalisha kitandani, akamgeuza uso kulia, akamlaza chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Nilisimama mbele yao na kuona macho ya bibi yakicheza yenyewe. Tabibu akangoja yatulie. Akageuza kichwa polepole upande wa kushoto, akangoja, akamlaza kwa ubavu wa kushoto uso ukitazama sakafu, akangoja, ndipo akamkalisha. Akarudia mara moja. Ilikuwa kama mtu anayegeuza chupa ili punje iliyonasa itoke mdomoni. Njia hiyo ilitungwa na daktari wa Marekani, John Epley, aliyeiandika mwaka 1992. Bibi akajilaza kwa hofu, akageukia kulia. Nyumba haikugeuka. Miezi mitano baadaye vijiwe viliteleza tena, akarudi, akageuzwa tena. Mtu asijaribu jambo hili kwa mzee wake kwa kusoma gazeti letu. Mwenye ugonjwa wa shingo aweza kuumizwa.

Si kila kizunguzungu ni vijiwe. Kiko cha saa nzima au zaidi, chenye kutapika, sikio likijaa na kuvuma na usikivu ukipungua kisha kurudi. Huo waitwa ugonjwa wa Ménière, kwa jina la daktari Prosper Ménière wa Paris. Zamani zake watu hao walidhaniwa wana ugonjwa wa ubongo, wakatolewa damu. Yeye mwaka 1861 akaonyesha kwamba kosa laweza kuwa sikioni. Matabibu huwapa dawa, na mara nyingi huwashauri wapunguze chumvi. Na anayezunguka ghafula huku mdomo umekwenda upande, au maneno yanakwama, au mkono umelegea, huyo si wa sikio. Apelekwe hospitali saa ile ile, maana yaweza kuwa kiharusi.

Nao wenye masikio wasingoje katika mambo haya: sikio moja likizibika ghafula na kuacha kusikia, kwa maana dawa hufaa zaidi ikianzwa siku za kwanza, mlio ulio upande mmoja tu, na mlio unaopiga pamoja na moyo. Tena ziko dawa zinazoweza kudhuru sikio la ndani, kama sindano za gentamaisini na streptomaisini; kwinini na aspirini nyingi nazo huweza kuleta mlio, ambao kwa kawaida huondoka dawa ikiachwa. Mgonjwa akisikia masikio yanavuma amwambie aliyempa dawa; asiiache kwa shauri lake mwenyewe.

Mimi sasa hukaa dawati la mbele, na mwalimu yule alinihamisha mwenyewe baada ya kusoma barua ya daktari. Baba mdogo amenunua vifunika masikio viwili, kama vile vya mafundi wa barabara. Kijana aliyeshika kazi yangu huvivaa kipajini, kwa kuwa wateja humcheka na kwa kuwa, asema, hasikii wakiita bei. Nilimwandikia bei kwa chokaa ukutani kwa herufi kubwa. Likizo hii nitakwenda kuona kama ameviteremsha.