Gari Adimu Lililobeba Abiria

Siku ya Concours d'Elegance, ukitoka Mashimoni, Kibera, jijini Nairobi, kwa miguu unapita Makina, unatokea soko la Toi, kisha unashika Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner. Ukiondoka mapema utafika uwanja wa mbio za farasi kabla jua halijawa kali. Mashindano haya ya umaridadi wa magari yalianzishwa mwaka 1970 na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na mpaka leo umati hujazana penye rangi inayong'aa kuliko zote. Pita hapo. Tafuta Peugeot 404, usimame.

Gari huwa adimu kwa njia mbili. Yapo yaliyozaliwa adimu. Mwaka 1955 Mercedes-Benz iliunda gari la 300 SLR Uhlenhaut Coupé mara mbili tu, na moja iliuzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135. Hizo zilitunzwa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuzipakia magunia ya viazi. Peugeot 404 ni kinyume chake kabisa. Ilitoka mwaka 1960, ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia kwa mistari iliyonyooka na mapezi madogo nyuma, na zaidi ya milioni 2.8 zikaundwa. Kwa hesabu hiyo ilipaswa kuwa gari la kila kona. Imekuwa adimu kwa sababu ilifanya kazi mpaka ikaisha.

Nchini Kenya ilisomba mazao, ikasafirisha wagonjwa, ikapeleka maiti nyumbani. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, kila kilichokuwa na magurudumu manne na nguvu kidogo kilipata kazi, na Peugeot zilikuwa mstari wa mbele. Gari la namna hiyo halistaafu. Linafungwa injini nyingine, linakatwa nyuma liwe pikapu, na mwisho linapimwa kwa kilo kwa muuza vyuma chakavu. Lililokwenda hivyo si rahisi kulipatia mrithi, maana magari ya mitumba yanayoingizwa nchini hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo 404 iliyobaki nzima imeponea mengi, na mimi naipa heshima kubwa kuliko gari lolote lililolelewa ndani ya gereji yenye kufuli.

Sasa litazame. Anza na namba ya usajili. Namba za zamani hazina ile herufi ya mwisho tuliyoizoea. Mfumo wa KAA na herufi ya mkiani ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisha chuchumaa kwenye pembe ya nyuma, jicho lako liwe usawa wa kitasa cha mlango, uangalie ubavu wote hadi taa ya mbele. Mwanga ukiteleza moja kwa moja, bati ni zima. Ukiyumba kama maji ya karai lililoguswa, hapo pamepigwa nyundo na kufukiwa fila. Fundi wa bodi hahitaji hata kuinama sana. Anagonga kwa kifundo cha kidole, na bati humjibu kwa mlio mkali, fila kwa mlio mzito. Ukiwa na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, utayajua hayo hayo: kwenye fila nene haishiki.

Usiache kuangalia chini ya milango. Saluni ya 404 haina chesi ya kujitegemea; bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na vile vizingiti vya bati chini ya milango ni sehemu ya mifupa. Maji na tope hujikusanya humo, kutu ikaanza kula kutoka ndani huku nje rangi ikiwa bado nzuri. Ndiyo maana mlango unaolazimika kuinuliwa kidogo ili ufunge unatia wasiwasi zaidi ya mkwaruzo wowote.

Boneti ikifunguliwa, utaona injini imelala ubavuni. Haikuvunjika viunga vyake. Wahandisi waliilaza nyuzi 45 ili boneti ishuke chini, na kabureta na mabomba yake yafikiwe na mkono kwa urahisi. Makanika anayefanya kazi kando ya barabara, bila shimo wala mashine ya kuinulia gari, anaelewa upesi neema ya mpangilio huo. Nyuma kuna difu ya aina yake: parafujo ya chuma cha pua huizungusha gia ya shaba nyeusi, kimya kimya, kwa miaka mingi, mradi oili isikauke.

Uimara huo ulipimwa hadharani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilipitia barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, tena mara nyingi katikati ya masika. Nick Nowicki alishinda na 404 mwaka 1963, akarudia mwaka 1968, na katika kila moja ya miaka hiyo ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Bert Shankland kutoka Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967, naye kwa 404. Watu waliosimama kando ya barabara waliliona gari lile lile ambalo daktari au mkulima mkubwa wa eneo lao alikuwa akiliendesha.

Kuna jambo linaloniuma kwenye maonyesho: 404 zinazopakwa rangi upya mpaka zinapoteza kila alama ya maisha yake. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu. Kiti kilichochakaa upande wa dereva, bushi iliyochongwa kutoka tairi kuukuu, skrubu iliyotafutwa kwa wauza vipuri wa Grogan baada ya ile ya Ufaransa kupotea, vyote ni kumbukumbu za mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Gari safi na gari lililofutwa historia ni vitu viwili.

Mwisho, mwombe mwenyewe aiwashe injini ikiwa baridi, nawe usimame nyuma. Moshi wa buluu ukitoka na usikome, oili inaungua. Muulize ringi za pistoni zilibadilishwa lini, nani alizibadilisha, na zilipatikana wapi. Jibu lake litakueleza mengi kuliko kadi iliyowekwa kiooni.