Somo la Ndoa: Umri wa Kuoana

Wapendwa wasikilizaji wa Kisangani na wa vijiji vya kando ya mto, leo twajibu swali la wazazi wengi: binti aweza kuolewa akiwa na miaka mingapi?

Hapo kale wazee wengi hawakuhesabu miaka. Walitazama dalili za mwili. Pengine binti alichumbiwa angali mtoto, mahari yakapokelewa, naye hakuulizwa neno. Wakati wa utawala wa Wabeljiji, amri ya tarehe 9 Julai 1936 ilikuja kumlinda msichana asiyebalehe. Lakini amri hiyo nayo ilipima mwili tu.

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilihesabu miaka: mwanamume 18, mwanamke 15. Tofauti hiyo ilifutwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Tangu hapo ni miaka 18 kwa wote wawili.

Huenda mtu atauliza: «Mbona sheria ya Eklezya yataja miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke?» Ni kweli. Zamani ilikuwa 14 na 12. Hesabu ya sasa iliwekwa mwaka 1917, ikabaki mwaka 1983. Lakini tufahamu vema. Chini ya mpaka huo ndoa ni batili. Haisemwi kwamba yafaa kuoana mapema hivyo. Kanuni ya 1071 yamkataza padri, isipokuwa kwa lazima, kusimamia bila ruhusa ya Askofu ndoa isiyokubaliwa na sheria ya nchi. Na kanuni ya 1072 yawaagiza wachungaji kuwageuza nia vijana wanaotaka kuoana kabla ya umri uliozoeleka mahali pao.

Basi tushike neno moja. Ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili. Ridhaa hainunuliwi kwa mbuzi, wala baba hawezi kuitoa badala ya binti. Asiyeweza kukataa, atakubalije kweli?

Enyi wazazi, kabla ya kupokea mahari, tazameni cheti cha kuzaliwa, kisha mwulizeni binti mwenyewe, peke yake, bila vitisho. Akikataa, msipokee kitu.

Maswali ya kukumbuka:
1. Sheria ya nchi yataka miaka mingapi?
2. Mpaka wa Eklezya wamaanisha nini?
3. Nani hutoa ridhaa ya ndoa?